Mama Haitoshi na Damu ya Mtoto Njiti

Wauguzi ndio waliompachika jina la Mama Haitoshi, wakidhani wanamtukana. Yeye alilipokea kama nishani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameketi nyuma ya dirisha dogo la maabara ya hospitali, na kila damu isiyofika kwenye mstari wa kichupa aliirudisha na maneno mawili, "damu haitoshi", kwa mwandiko mzuri ambao hakuna daktari hata mmoja aliyeuweza. Damu ikija tele, alitafuta kosa jingine.

Wapo wanaodharau baadhi ya watu. Huyu hakubagua. Madaktari kwake walikuwa watoto wa mama zao waliokariri vitabu. Wauguzi walikuwa mikono mizito tu. Mumewe, mwalimu mstaafu asiyejua chumvi inakaa wapi katika jiko lake mwenyewe, alikuwa mtu wa kuonewa huruma, nayo huruma hakuwa nayo. Mawifi zake walishaacha kumtembelea, kwa sababu aliwapangusia kiti kabla hawajakaa, akakipangusa tena walipoinuka kuondoka, wakiwa bado hawajafika mlangoni.

Lakini waliomkera zaidi ni wale wa ghorofa ya pili, wodi ya watoto njiti. Hao walileta damu ya kulamba. Aliambiwa kwamba watoto wenyewe ni wadogo, wengine hawafiki hata kilo moja, damu yao yote haijazi kikombe cha kahawa. Akajibu kwamba mashine haimwonei mtu huruma. Muuguzi mmoja aliwahi kumkumbusha kwamba haba na haba hujaza kibaba, akaambiwa akilete hicho kibaba kikishajaa. Miaka yote hiyo Mama Haitoshi hakuwahi kupanda ghorofa ya pili hata siku moja.

Asubuhi moja ikaja damu ya mtoto wa siku kumi na moja, aliyezaliwa mimba ikiwa ya wiki ishirini na sita tu. Tumbo lake lilianza kuvimba, na maziwa aliyonyweshwa kwa mpira yalikuwa yakirudi na rangi ya kijani. Ilihofiwa kwamba utumbo umeanza kuungua ndani kwa ndani, ugonjwa ambao kwa njiti unaweza kutoboa utumbo kabla madaktari hawajamaliza kubishana. Kilichotakiwa ni kipimo cha protini fulani ya damu, ambayo hupanda mwili unapokuwa na moto wa namna hiyo. Kipimo cha jana yake kilikuwa chini, lakini hicho hakikumaanisha kitu, maana protini hiyo huchelewa kupanda. Cha pili ndicho chenye neno. Na daktari wa wodi, kijana mwenye kalamu nne mfukoni na uti wa mgongo wa uji, hakuthubutu kusimamisha maziwa bila karatasi mkononi.

Mama Haitoshi alikiinua kichupa kwenye mwanga, akakirudisha. Saa nne kikaja kingine, nacho akakirudisha. Saa sita kikaja cha tatu, kidogo kuliko vyote, akacheka peke yake. Kisha simu ikalia. Muuguzi wa zamu, mwenye umri wa kuwa bintiye, hakupandisha sauti.

"Mama, ngojangoja huumiza matumbo, na huyu tumbo lake linaumia kweli. Basi panda uje umtoe damu mwenyewe."

Alipanda. Tusidanganyane, hakupanda kwa huruma. Alipanda kwenda kuwaumbua.

Chumba kilikuwa na joto la kumtoa mtu jasho mlangoni. Mtoto alilala ndani ya kisanduku cha kioo, kofia ya sufu imemfunika mpaka kwenye nyusi, tumbo limekaza na kung'aa. Mguu wake ulikuwa na urefu wa kidole gumba cha Mama Haitoshi. Visigino vyote viwili vilikuwa vimechomwa sindano mpaka vikawa vyeusi, na plasta tatu zilikuwa mpya, za siku hiyo. Hakuhitaji kuambiwa nani amesababisha plasta hizo. Mama wa mtoto, aliyekuwa amesimama hapo akiwa ameingiza mkono mmoja kisandukuni, alimwamkia kwa heshima akampisha.

Alifanya yote aliyokuwa akiwahubiria wenzake. Aliupasha mguu joto kwa kitambaa, akachoma pembeni ya kisigino, akafuta tone la kwanza, akasubiri bila kukamua. Yakaja matone matatu. La nne halikuja. Angeweza kuchoma tena. Aliutazama ule mguu, akashindwa.

Alishuka ngazi na kichupa ambacho angemrudishia mtu mwingine yeyote. Akavuta droo ya chini ya mashine. Humo mlikuwa na vikombe vidogo vya plastiki vilivyokuja na mashine yenyewe miaka sita iliyopita, kwa ajili ya damu kidogo kama hiyo. Matone mawili yanatosha, ila mpimaji sharti ayatie kwa mkono na asimame hapo kusubiri, badala ya kupakia vichupa vyake na kwenda kunywa chai. Alivijua tangu siku ya kwanza. Aliona ni upuuzi wa kuwadekeza wasiojua kutoa damu, akaifunga droo. Sasa aliuchana mfuko wa vikombe hivyo kwa meno.

Jibu lilitoka baada ya dakika kumi na mbili, limepanda mara tisa ya lile la jana. Alipiga simu juu kabla karatasi haijatoka, na saa nane maziwa yakasimamishwa. Jioni mtoto alipasuliwa, utumbo ukakutwa umetoboka, wakakata kipande. Alipona. Daktari wa upasuaji, asiyekuwa na tabia ya kubembeleza watu, alisema kwamba laiti wangejua asubuhi, huenda dawa peke yake ingemfaa.

Siku ya tatu mama wa mtoto alikuja kwenye dirisha la maabara. Alikuwa ameambiwa kwamba mama wa huku chini ndiye aliyekubali kupima damu kidogo. Akaingiza mkono, akaushika wa Mama Haitoshi kwa nguvu, akamwombea maisha marefu, yeye na watoto wake na wajukuu wake. Ilikuwa rahisi tu kuitikia amina. Mama Haitoshi alijitazama akipokea dua hiyo, akajidharau kuliko alivyowahi kumdharau mtu yeyote.

"Ile damu ya asubuhi ningeweza kuipima," alisema. "Vichupa vyote vitatu. Sikutaka tu."

Mama wa mtoto hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliutoa mkono wake dirishani, akapanda ngazi kurudi kwa mwanawe.