Nyumba ya Ng'onda Isiyo na Chumvi

Harufu ya ng'onda haikubali kuachwa nje. Unaweza kuoga, ukafua, ukajifukiza udi chumba kizima, na bado mtu akikusogelea atakunja pua. Baba yangu aliuza ng'onda na papa Kariakoo, samaki waliokaushwa kwa chumvi wakaletwa kutoka Kilwa na Mafia wamefungwa kwenye makanda, na harufu yao ilikuwa kwenye mashati yake, kwenye chandarua, mpaka kwenye madaftari yangu. Shuleni waliniita Binti Ng'onda. Wala sikuona haya! Kwetu tulikula ng'onda ya kuchoma, ng'onda ya nazi, ng'onda na mihogo, na aliyenicheka nilimwambia ni njaa tu inamsumbua. Nilikuwa na mdomo, nakiri, na mpaka leo ninao.

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili nyuma ya soko. Uani palikuwa na bomba moja na majiko ya mkaa yaliyopangwa ukutani, kila mpangaji na lake. Jioni mama alitandika mkeka, akaweka sinia katikati, tukalizunguka: baba, mama, kaka zangu Hamisi na Shabani, na mimi kitinda mimba. Kila mtu alikula upande wake, kitoweo kiligawiwa mwisho, na baba akikusogezea kipande chake, basi siku hiyo ulilala ukijiona malkia.

Nilipokuwa na miaka tisa niliamka asubuhi moja macho yamevimba hayafunguki. Mama alidhani nimeumwa na mdudu. Siku ya tatu viatu vya shule vikagoma kuingia miguuni. Hospitalini daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alituambia figo zangu zinavuja kama chujio lililotoboka. Aliandika vidonge, kisha akasema jambo lililomfanya baba ashike kichwa: chumvi nisile kabisa. Isiwe kwenye mboga, isiwe kwenye wali, na hiyo ng'onda nisiisogelee. "Akila chumvi atajaa maji," alisema, "na yakifika kwenye mapafu tunaweza kumpoteza." Baba alitazama viganja vyake, vilivyokauka kwa chumvi ya miaka yote ile.

Mama akanunua sufuria ndogo na sahani ya plastiki ya bluu. Nikawa nakula peke yangu kwenye kigoda kando ya mlango, eti mkono wangu usije ukakosea njia ukaingia siniani. Jamani, jaribu siku moja kula maharage yasiyo na chumvi! Ulimi unayageuza huku na huku, unayatafutia pa kuyaweka. Lakini kilichoniuma zaidi ni mgongo wa Shabani. Nilikaa nyuma yake nikitazama viwiko vya watu vikienda siniani na kurudi, wanataniana, wanagombania ukoko, na mimi nipo palepale kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Nilikuwa na hasira na kila mtu, mpaka na paka wa uani.

Mama hakutaka majirani wajue. Aliogopa maneno, maana mtoto akivimba uso hawakosekani wa kusema amerogwa. Aliyeuliza aliambiwa ni mzio, basi. Kwa hiyo Mama Joseph hakujua. Huyu alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, mwenyeji wa Masasi, mama mwenye huruma kupita kiasi, na jiko lake lilipakana na la mama. Siku moja mama akiwa ndani anaswali, Mama Joseph alifunua sufuria yangu, akadondoshea mchuzi kiganjani, akalamba, akasikitika. Alichota chumvi kwenye kopo lake, akatia, akakoroga, akafunika. Ndipo aliponiona nimesimama mlangoni. "Mama yako siku hizi ana mawazo, anasahau mpaka chumvi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Usimwambie, mwanangu, ataona aibu." Nami nikanyamaza.

Siku hiyo nilikula nikalamba sahani. Mama alifurahi, akamwambia baba mtoto ameanza kuzoea. Kesho yake nikakaa mlangoni palepale nikimsubiri Mama Joseph, na keshokutwa, na siku iliyofuata. Siku tano zilipita hivyo. Mtu asinitetee kwamba nilikuwa mdogo, nilijua kabisa ninachofanya.

Siku ya sita niliamka nahema, kulala chali siwezi. Nikalazwa. Mama alikaa pembeni ya kitanda akilia na kujilaumu, "Nimekosea wapi? Mpaka mwiko nilikuwa nauosha peke yake!" Kumsikia akisema vile kulinishinda. Baba alipokuja nikamweleza yote, nikajikunja kusubiri kofi. Halikuja. Badala yake akauliza, "Ni chumvi ndiyo uliyoitamani, au ni kule kukaa peke yako?" Nikamwambia vyote, ila zaidi kukaa peke yangu.

Yaliyotokea jioni ile nilisimuliwa na Hamisi. Baba alisimama katikati ya uani akawaita wapangaji wote, akasema binti yake Rehema anaumwa figo, chumvi itamuua, hajarogwa, na asiyeamini aende kwa daktari akaulize. Mama alijifunika uso kwa kanga. Mama Joseph alikaa chini palepale, akapiga kelele kwamba ameua mtoto wa watu. Baba akamwambia, "Hapana, Mama Joseph. Wewe ulisaidia, sisi ndio tuliokuficha." Tangu siku hiyo mama yule akawa mlinzi wa jiko letu. Mtu akipita karibu akiwa na kopo la chumvi mkononi, alifokewa mpaka akasahau alikokuwa anakwenda.

Niliporudi nyumbani sahani ya bluu haikuwepo. Palikuwa na sinia moja, na chungu kilikuwa kimoja, hakina chumvi hata chembe. Mama alikuwa ametia ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu na tui zito la nazi. Hamisi alitia tonge mdomoni, akatoa macho, akataka kusema kitu. Baba alimkata jicho. Kisha yeye mwenyewe akamega, akatafuna taratibu, akalamba vidole kimoja kimoja. "Mama Hamisi," alisema, "mapishi haya ulikuwa umeyaficha wapi siku zote?" Nikakaa baina ya Shabani na mama, nikala. Ikawa hivyo kila siku. Sokoni baba aliacha shati la kazi akaja na jingine, na nyumbani ng'onda haikuingia tena. Nami shuleni nikatamba kwamba mama yangu ni fundi hasa, na fundi wa kweli chumvi ya nini? Miaka miwili na ushee ilipita, mpaka daktari aliposema figo zimetulia na naweza kurudi kwenye chumvi kidogo kidogo.

Leo pale palipokuwa na nyumba yetu pana ghorofa la maduka, na hata ukisimama mbele yake huwezi kuonyesha uani palikuwa wapi. Nina watoto watatu. Huyu hali kitunguu, yule anataka chipsi, mkubwa anakula macho yapo kwenye simu, na kila mmoja ana sahani yake na saa yake. Elimu imeongezeka, sikatai. Siku hizi ukiambiwa una presha unapewa karatasi ya vyakula, na mtaa mzima unajua habari za chumvi. Lakini mara nyingi najiuliza kama mimi ningeweza kuiketisha nyumba yangu yote kwenye chungu cha mtoto mmoja anayeumwa. Wazazi wangu waliweza, na najivunia hilo kuliko vyeti vyangu vyote.

Juzi nilikwenda kwao Mbagala, nikaona niwafurahishe. Nikapika mchuzi uleule wa ukwaju, bila chumvi, kama enzi zile. Baba alionja tonge moja, akaweka mkono pembeni, akaomba chumvi.

"Baba! Si ndio mchuzi ulioupenda?"

Mama alianza kucheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu," alisema baba, "mchuzi ule ulikuwa mbaya. Mbaya sana."

"Mimi mpishi mwenyewe nilikuwa naushushia kwa maji," mama akadakia.

"Lakini ulikuwa unalamba vidole! Kila siku!"

Baba alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Kwani si ulikuwa unaniangalia?"