Gitaa la Miezi Sita

Nilinunua vyombo vya muziki kabla sijanunua kitanda. Watu wa Tunduma wanaokumbuka wakati ule watakwambia ni kweli, na kama hawakumbuki, mimi nakumbuka. Nilitoka Ihanda na darasa langu la nne, nikaanza kuvusha sabuni na sukari kwa baiskeli, baadaye mitumba, baadaye nikaweka mashine ya kusaga. Ruksa ilipokolea, kila mtu akawa huru kuuza anachoweza kubeba, mimi tayari nilikuwa na ukumbi wangu upande wa juu wa reli, bati jipya, sakafu ya saruji niliyoisimamia mwenyewe mpaka ikakauka. Wenzangu waliomaliza sekondari walikuwa bado wanaandika barua za kuomba kazi. Mimi nilikuwa naajiri walinzi.

Vyombo vilitoka kwa bendi moja ya Mbeya iliyovunjika kwa ugomvi. Magitaa matatu, ngoma, vipaza sauti, na spika moja kubwa ya gitaa la solo iliyobebwa na wanaume wawili. Kwa asiyejua mambo haya nieleze: katika bendi zetu mwanamuziki hana gitaa. Gitaa ni la mwenye vyombo. Mwanamuziki anakuja na vidole vyake, akifukuzwa anaondoka navyo, gitaa linabaki ukutani likimngoja mwingine. Ndiyo maana mimi niliitwa mwenye bendi, na sijui kupiga hata njuga.

Mpiga solo wangu alivuka mpaka kwa miguu, asubuhi moja ya Jumatatu, na mfuko wa nailoni mkononi. Alikuwa mrefu, amenizidi umri kama miaka kumi, nywele ndefu zimeanza mvi, suruali pana chini ya aina ambayo kwetu ilikwisha kuchekwa zamani. Ujanani alipiga muziki kwenye miji ya migodi upande wa pili. Shaba ikashuka bei, watu wakaacha kwenda dansi, bendi zikafa.

"Ba boss," aliniambia. Hiyo "ba" ni heshima ya kwao. "Nasikia una gitaa."

"Unatoka bendi gani?"

"Zimekufa zote."

"Na wewe?"

"Mimi bado kidogo."

Nilicheka, nikampa gitaa jekundu. Lilikuwa limekatika nyuzi mbili. Hakulalamika. Aliomba waya wa breki ya baiskeli, akaufumua nyaya moja moja, akachagua mbili, akazifunga. Kisha akaomba aachwe peke yake na ile spika mchana mzima. Nilimwacha. Fundi anayetaka kusumbuliwa bado sijamwona.

Jumapili saa nane mchana tulikuwa na bugi, dansi la mchana kwa vijana na madereva wa malori yaliyokwama mpakani. Bendi ilianza na nyimbo za kawaida. Halafu yule bwana akaingia. Ile sauti haikuwa ya gitaa nililolijua. Ilikuwa nzito, imekwaruzika, inakokota, kama mashine yangu ya kusaga ukiitia mahindi mabichi. Wimbo wenyewe ulikuwa na mizunguko mitatu tu, unarudi palepale. Watu walisimama hawajui wacheze vipi. Mwimbaji wetu, mtu wa Nanyala mwenye mdomo, akamuuliza kwenye kipaza sauti, "Kaka, huu unaisha lini au tupike?"

"Hii ni bluzi," alijibu. "Haiishi. Unaiacha."

Dereva mmoja wa lori la mafuta akaanza kutingisha mabega, akafumba macho, akacheza peke yake katikati ya sakafu. Mwezi uliofuata watu walikuwa wanatoka mpaka Mbozi kuja kumsikia. Nasema hili bila aibu: hakuna mwingine aliyeona thamani ya yule mtu. Niliiona mimi.

Ila alikuwa na ugonjwa wake, kachasu, ile pombe kali inayopikwa kwenye mapipa upande wa pili. Alikuwa akipotea siku tatu, nne. Mara mbili nilimkuta nyuma ya vibanda, kiatu kimoja mguuni, anatetemeka jua kali. Ukimwuliza kilichomsibu anakwambia, "Kimya, ba boss. Kukiwa kimya siwezi kukaa." Mama watoto alinitazama nikimshusha kwenye baiskeli akasema, "Baba nanihii, ulinunua gitaa au ulinunua mgonjwa?"

Nikafikiri kama mfanyabiashara. Mtu humlindi kwa kufuli, unamlinda kwa kile anachokitaka. Nikamwita ukumbini mbele ya wenzake, mchana kweupe.

"Unataka nini duniani?"

"Sijawahi kuwa na gitaa langu. Tangu nianze. Yote ya wenyewe."

"Kaa miezi sita bila kachasu. Hilo jekundu lako."

"Lote?"

"Lote na mkanda wake. Miezi sita. Ukionja tone, hakuna."

Mwimbaji akapiga mluzi. "Mzee, huyu miezi sita hajawahi kukaa hata bila kukohoa."

"Iwe," mpiga solo alimwambia, yaani wewe kwa lugha yao, "utaniazima begi la kulibebea."

Na alikaa, jamani. Alikuwa anakuja mashineni asubuhi, anamsaidia mama watoto kupepeta, anakunywa chai yenye sukari ya kumtoa mtu meno. Wiki za mwanzo mikono yake ilimwaga chai kwenye sahani. Ilipofika mwezi wa tatu ilitulia. Alipenda kukaa karibu na mashine ikiwa inanguruma. Mwezi wa tano alikuwa amenenepa, na nilikuwa nikiwaambia watu sokoni kwamba hospitali zilimshindwa, mimi mwenye darasa la nne nimemponya.

Hapo ndipo nilipofanya jambo langu. Nilikwenda Lusaka kuuza mchele, na katika duka moja nikaona spika mpya kabisa, bado imo kwenye boksi lake. Yetu ya zamani ilikuwa imechanika. Nilikwisha kuona mipasuko mitatu kwenye karatasi yake ya mbele, nikajua ni panya wa ukumbini. Nikasema mtu wangu anamaliza miezi sita, bendi yangu haiwezi kupigia spika ya panya. Nilinunua, nikaja nayo kwenye lori nikiwa nimekaa juu yake ili isitikisike. Jumamosi niliifunga mwenyewe. Ile ya zamani niling'oa matumbo yake nikayatupa kwa wauza vyuma chakavu, sanduku akalichukua mama watoto kwa ajili ya kuku anayeatamia.

Sikumwambia. Nilitaka aone.

Jumapili ukumbi ulijaa. Alipanda jukwaani, akaiona, akanitazama, nikampungia mkono. Akapiga. Sauti ikatoka safi, nyembamba, imenyooka, kama kwaya ya Sikukuu. Watu walipiga makofi. Yeye aliacha mkono hewani. Akasogeza vitufe, akapiga tena. Safi. Akageuka nyuma, akaigusa ile spika mbele kwa kiganja, jinsi unavyopapasa paji la mtoto mwenye homa. Kisha akavua mkanda, akalilaza gitaa kwenye kiti, akashuka.

Nilimfuata mlangoni. "Vipi? Mpya hiyo."

"Ile nyingine iko wapi?"

"Nimeitupa. Ilikuwa imechanwa na panya."

"Nilichana mimi, ba boss. Kwa wembe. Ile siku ya kwanza uliponiacha."

"Umeniharibia spika yangu?"

"Awe," alisema, ni hapana ya kwao. "Niliitengeneza ikwaruze."

"Basi chana na hii."

Aliitazama kwa mbali. "Hii ya plastiki. Ukiichana inanyamaza tu."

Ilikuwa saa kumi za jioni. Alitembea mpaka mpakani, wanaomjua wakamwona anavuka, na alikunywa mpaka Jumanne.

Jumatano alikuja ofisini, amenawa uso. Mwimbaji na mpiga ngoma walimtangulia kuniombea. "Mzee, mpe tu. Kosa lenyewe ni la spika." Niliwaambia nilichoamini, na bado sioni kama nilikosea kusema: mkataba ulikuwa wa pombe, haukuwa wa spika. Mimi nimefika hapa kwa sababu nikisema Jumatatu siji Jumanne. Nikimlegezea mmoja, kesho nani ataniamini?

Yeye mwenyewe hakuomba. Alisimama, akasema, "Mitano si sita. Ba boss yuko sawa." Akaomba nauli ya kwenda Ileje kwa dada yake, aliyeolewa na Mndali mmoja huko milimani, nikampa. Gitaa nikalitundika stoo.

Ukweli usemwe, ukumbi haukudhurika. Nilimchukua kijana mwingine anayepiga nyimbo zinazoeleweka, na ile spika mpya ilimfaa. Watu waliongezeka. Wachache walikuwa wakiuliza yule wa bluzi yuko wapi, wakijibiwa wanaendelea na bia zao. Baadaye bendi yenyewe ilianza kuchosha, watu wakataka disko la kaseti, mtu mmoja na mashine mbili anafanya kazi ya watu saba. Nikaanza kutafuta mnunuzi wa vyombo.

Siku moja ya mavuno, mashine imejaa foleni ya magunia, niliona wanaume wawili wanasukuma baiskeli kutoka barabara ya Ileje. Mmoja alikuwa yeye. Nywele alikuwa amekata. Mwingine alikuwa mtu mzima wa milimani, koti limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alinisalimu kwa adabu, akakaa kwenye gunia, akaenda moja kwa moja kwenye jambo.

"Mzee, mimi ni shemeji yake. Ananiambia ulimwahidi gitaa kwa miezi sita bila pombe. Amekaa kwangu. Anakula kwangu, analima kwangu. Ninaye machoni tangu mvua zilipoanza. Sita imetimia na wiki zake. Hakuonja."

"Ile ilikwisha," nilisema.

"Ulisema miezi sita," alisema mpiga solo. Sauti yake ilikuwa chini. "Hukusema ipi."

Mama watoto alikuwa anashika debe. Alizima mashine, na foleni nzima ya wanawake wenye magunia ikageuka kunitazama.

Nilimwangalia mikono. Haikutetemeka. Nikamwuliza shemeji, "Huko kwenu hakuna pombe?"

"Ipo mpaka kwenye harusi za Wakristo. Alikuwa akiondoka anakaa mtoni, kwenye maporomoko, mpaka sherehe iishe. Tulidhani ana wazimu."

Nilikwenda stoo mwenyewe. Ningeweza kusema nimeshaliuza. Mnunuzi nilikuwa nimempata, wa kanisa moja la Mlowo, na alikuwa anakuja wiki hiyohiyo kuchukua vyote. Nililipangusa vumbi kwa shati langu, nikalileta na mkanda wake. Nikamwambia achukue na spika pia, ile mpya, nampa bure. Akakataa kwa kichwa.

"Basi panda ukumbini utupigie moja. Hawa akina mama wakusikie."

"Nimekuja kuchukua, ba boss. Sikuja kupiga."

Alikaa kwenye gunia, akalilaza mapajani. Nilidhani atapiga. Alikuwa analegeza nyuzi, moja moja, zisikatike kwa mitikisiko ya barabara. Kisha akalizungushia blanketi, wakalifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa mpira. Shemeji alilizunguka, akaligonga kwa kidole.

"Shemeji," alisema, "hili halina tundu. Na kwetu hakuna umeme. Sauti itatokea wapi?"

"Tutaona hukohuko."

Waliaga kwa adabu. Mmoja alisukuma baiskeli, mwingine aliweka mkono juu ya blanketi, na hivyo ndivyo walivyokwenda mpaka njia ilipopinda. Akina mama walianza kulalamika kwamba jua linazama. Nikawasha mashine.