Soud Masika na Uma wa Usingizi

Ukitaka kumjua Soud Masika wa Kiuyu, muulize habari ya usingizi, halafu tafuta mahali pazuri pa kukaa, maana hutaondoka upesi. Atakueleza kwamba watu wa siku hizi hawalali, wanajilaza tu. Atakueleza kwamba mwili una nyuzi zake kama udi wa taarabu, na nyuzi zikilegea mtu hukesha. Ukipiga mwayo katikati ya maneno yake hakasiriki. Atachukua daftari lake aandike kwamba dawa imeanza kufanya kazi.

Mie simchukii Soud. Ni kijana wetu, mpole, ana miaka thelathini na nne na hajapata kumtukania mtu mzazi wake. Zamani hapa Kiuyu alikuwa na sifa moja kubwa, nayo ni kupanda mkarafuu. Alikuwa akifika kwenye yale matawi ya juu ambayo wengine huwaachia ndege, ngoe ya kuvutia matawi mkononi, pakacha kiunoni, na akishuka huoni hata kijiti kilichovunjika. Halafu akaenda Unguja kutafuta maisha, akapata kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni, na huko ndiko yalikompata yaliyompata.

Hotelini alikuwa mkunja taulo. Miaka sita alikunja taulo, mpaka akafikia daraja ya kuikunja ikawa bata, ikawa tembo mwenye mkonga. Miaka miwili ya mwisho akapelekwa kwenye chumba cha mzungu mmoja wa kike, Soud akimwita Madamu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalaza wageni kwa sauti. Mgeni ameoga, ameshiba, amelazwa juu ya shuka nyeupe, feni inampepea, na bado usingizi hauji. Basi anakuja Madamu, anagonga chuma, chuma kinalia nguuu, mgeni anaambiwa avute pumzi, na asubuhi anasema amelala kama mtoto. Soud alikuwa akisimama mlangoni na taulo zake, anasikiliza. Madamu aliporudi kwao alimwachia vyuma viwili ndani ya kifuko cha mahameli. Wiki ile ile Soud akaacha taulo, akapanda boti, akashuka Pemba mtaalamu.

Chuma chenyewe nikueleze, usije ukadhani ni kitu cha ajabu. Ni mfano wa uma wa kulia uliong'olewa meno ya kati, yakabaki mawili marefu. Ukiugonga kwenye goti unalia. Ukiusimamisha kwenye mfupa wa kifua, mlio unaingia ndani, unatetema kama simu iliyozimwa sauti. Soud aliuita kwa jina refu la kizungu. Watu wa Kiuyu wakauita uma, na mambo yakaharibikia hapo. Mtu akionekana anatoka kwa Soud huulizwa:

"Yakhe, unaumwa?"

"Siumwi. Nimetiwa uma."

"Sasa umekuuma?"

"Haukuniuma. Lakini maelezo yake yameniumiza kichwa."

Akakipaka chumba cha uani rangi ya samawati, akatia godoro na pazia, akatundika kibao: KITUO CHA SAUTI NA USINGIZI. Fikiri mwenyewe, Kiuyu hii! Mwanamke ameshinda kwenye mwani, maji kiunoni. Mwanamme ameshinda na jembe. Hawa wakishakula muhogo wao usiku hutafutiwa sauti ya kuwaamsha wakanawe mikono, si ya kuwalaza. Mwezi mzima Soud alipata wateja watatu. Wa kwanza alikuja kuuliza kama anatengeneza simu. Wa pili alilala kabla uma haujagongwa, na Soud kwa uaminifu wake akamsubiri mpaka alipoamka ndipo akamgongea, asije akaonekana amemdhulumu. Wa tatu alikuwa mkewe.

Mkewe ni Rahma, na baba yake Rahma ni Mwalimu Nyange Othman, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na sita, na mpaka leo akikusalimia unahisi utaulizwa jedwali la saba. Mwalimu ana shamba la mikarafuu bondeni, na mwaka ule yote ilizaa kwa pamoja, kila mti umeelemewa. Wachumaji hawakuwapo. Vijana wengine wamekwenda Unguja, wengine Dar, waliobaki wameshachukuliwa na wenye mashamba makubwa. Na karafuu ikishakuwa tayari haisubiri mtu, inachanua mtini na thamani yake imekwisha. Mwalimu akawa halali. Kila akifumba macho anaiona miti, anaihesabu, akimaliza anaihesabu tena kuhakikisha jawabu.

Utaniuliza: si amwambie mkwewe, yule aliyekuwa akishindana na ndege? Ndipo unapokuja ugumu wetu sisi. Mtu atamtuma mwanawe, atamtuma jirani, atamtuma hata mgeni aliyekuja kumpa pole. Lakini mkwe! Mkwe huwekewa mkeka na kutiliwa chai. Mwalimu Nyange kumwambia Soud, "Nipandie mti," ni sawa na kuvua kofia mbele yake na kuomba. Bora karafuu zichanue. Na Soud naye, mtaalamu, hakuona vipi mtaalamu atajitolea kupanda mti bila kuombwa. Basi wanaume wawili wakabaki kutazamana kwa heshima, na karafuu zinaiva.

Mwalimu akaona iliyo rahisi kuliko kuomba ni kuvunja ndoa. Jumatatu alikwenda mpaka kwa bintiye, akasimama mlangoni, chai hakutaka.

"Rahma, mumeo anafanya kazi gani?"

"Anatibu usingizi, baba."

"Msikitini wananiuliza. Niwaambie nini? Mkwe wangu anagonga uma?"

"Waambie ni fundi wa sauti."

"Sauti gani? Nyumba ina njaa, kimya kitupu! Nampa mpaka Ijumaa. Akiwa hana kazi ninayoweza kuitaja mbele za watu, nakuja kukuchukua, na kwa Kadhi nitakwenda mwenyewe."

Rahma alimpenda mumewe, pamoja na tembo wake wa taulo. Alilia kidogo. Halafu akamtazama baba yake vizuri.

"Baba, mbona macho mekundu?"

"Silali."

"Tangu lini?"

"Tangu karafuu zilipoanza kuiva."

"Basi njoo Alkhamisi baada ya Isha. Soud akikulaza, utatuacha na maisha yetu. Asipokulaza, nguo zangu nitafunga mwenyewe."

Mwalimu akapiga hesabu yake. Hajalala vizuri wiki tatu, atalazwa na uma? Akakubali.

Alkhamisi alikuja na shahidi, Bi Mwanamize, jirani yake, mama mtu mzima ambaye hapa kwetu hakuna ngoma ya shetani iliyopigwa bila yeye kuwapo. Anayajua mashetani kwa majina na makabila yao, anajua yupi hutaka halua na yupi hutaka kanzu mpya. Mwalimu alikuwa akimcheka miaka yote, akiwaambia wanafunzi kwamba shetani ni mtu aliyekosa njia nyingine ya kuomba kanzu. Lakini ni jirani, na ushahidi wake haupingwi. Bi Mwanamize aliambiwa kuna mtu atatibiwa kwa kupigiwa kitu kinacholia. Akaja na chetezo na ubani.

"Bi Mwanamize, hii si ngoma," Soud akamwambia. "Hii ni sayansi."

"Sawa, mwanangu. Ikishapanda hiyo sayansi, nifahamishe nitie ubani."

"Mkwe, tafadhali jilaze," Soud akasema, macho chini.

"Nijilaze mbele ya mkwe wangu?" Mwalimu akang'aka. "Mie sijapata kulala hata kwenye mkutano wa walimu!"

"Jilaze, baba," Rahma akasema nyuma ya pazia. "Tumeahidiana."

Akajilaza, kofia kichwani, mikono imekunjwa kifuani kama mtu anayesubiri kuonewa. Soud akaanza maelezo.

"Uma huu, Mkwe, unatetema mara mia na ishirini na nane kwa sekunde moja."

"Nani kazihesabu?"

"Zimepimwa."

"Endelea."

"Sauti ikishaingia, mwili wenyewe husema unachokitaka. Kazi yangu mie ni kuusikiliza na kuutimizia. Madamu alinifundisha: mwili ukisema, usibishane nao."

"Ndiyo yale yale," Bi Mwanamize akadakia. "Hata kwetu kiti, yule mwenye shetani, kikishapandwa, akisemacho hakipingwi. Na aliyempandisha shetani ndiye humtuliza."

"Kabisa," Soud akasema, kwa kufurahi kupata anayemwelewa.

Nadhani ni hapo Mwalimu Nyange alipofumbua jicho moja. Akamtazama Soud. Akamtazama Bi Mwanamize. Akalifumba tena.

Soud akagonga uma kwenye goti lake, nguuu, akausimamisha kwenye kifua cha mkwewe. Akagonga mara ya pili. Mara bega la Mwalimu likaruka. Halafu la pili. Kofia ikaanguka. Kutoka ndani ya yule mtu wa hesabu ikatoka sauti nzito kama ya mtu aliyeinamia ndani ya kisima:

"Hhhmmmm!"

"Taireni!" Bi Mwanamize akapiga ukelele wa kumlaki shetani, ubani ukamiminwa, chumba chote moshi. "Karibu, mgeni! U nani weye? Subiani?"

"Siye."

"Rubamba?"

"Siye!"

"Basi watoka wapi?"

"Bondeni."

"Mkwe, vuta pumzi," Soud akasema, jasho linamtoka. "Hii haikuwahi kutokea hotelini."

"Nyamaza weye!" Bi Mwanamize akamkaripia. "Umeshamwita, sasa unamkimbia? Haya mgeni wetu, wataka nini? Ubani?"

"Ubani sitaki."

"Kuku?"

"Kuku sitaki."

"Halua ya Wete?"

Shetani akasita kidogo. "Halua... baadaye. Nataka mtu mtini."

"Mtu gani?"

"Mwenye uma."

Nyuma ya pazia Rahma alikuwa ameishika kanga kwa meno asicheke.

"Mti gani, mgeni?"

"Mikarafuu ya bonde la chini. Yote. Mitini asubuhi, jua halijawa kali."

"Mingapi?" akauliza Soud.

"Arobaini na tatu!" likaja jawabu pale pale, bila kufikiri. "Kumi na tisa upande wa kisima, ishirini na nne upande wa njia!"

"Subhanallah," Bi Mwanamize akanong'ona. "Miaka yote hii sijaona shetani ajuaye hesabu."

"Lakini Bi Mwanamize," Soud akasema, "mie naona huyu si..."

"Si nani?"

Kijana wa watu akafungua mdomo. Aseme nini? Aseme mkwewe, mwalimu wa watu, anajifanya? Mbele ya shahidi? Na huku yeye mwenyewe ametoka kusema, na wote wamesikia, kwamba mwili ukisema haubishiwi?

"Aliyempandisha ndiye humtuliza," Bi Mwanamize akamkumbusha.

"Nitapanda," Soud akasema.

"Mpaka lini?" akauliza shetani.

"Mpaka ziishe."

Hapo mabega ya Mwalimu yakashuka, pumzi ikamtoka ndefu, ikafuatwa na mkoromo ambao Rahma anasema haukuwa wa kujifanya, maana anaujua mkoromo wa baba yake tangu utoto. Walimwacha pale pale kwenye godoro. Aliamka kwa adhana ya alfajiri, akavaa kofia yake, akawakuta Rahma na Soud wanamwangalia.

"Nilisema kitu?" akauliza. "Mie sikumbuki."

Na aliyepandwa hakumbuki. Hiyo ni sheria, na hakuna wa kumdai kwa aliyoyasema. Ijumaa ile ile Soud alikuwa juu mtini, ngoe mkononi, na wapita njia walisimama kumtazama, kwa sababu mikono ilikuwa haijasahau. Msikitini Mwalimu Nyange alipoulizwa habari ya mkwewe alijibu kwa sauti ya watu wa safu ya nyuma kusikia: "Yuko kwenye karafuu." Neno la kwenda kwa Kadhi halikusikika tena. Rahma akawa jamvini kila jioni, anatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, na kuimba.

Soud, kwa upande wake, ukimkuta barazani atakuambia uma ulifanya kazi. Mgonjwa alikesha wiki tatu, akapigwa uma mara mbili tu, akalala mpaka alfajiri. Yameandikwa kwenye daftari. Sehemu ya shetani hakuiandika.

Lile bonde la chini lilipokwisha, Rahma alimpelekea baba yake chakula. Mzee alikuwa amekaa ukumbini anatazama upande wa mlimani, kwenye kile kishamba chake kingine ambacho karafuu zake huchelewa.

"Na zile nazo ziko tayari," akasema.

"Mwambie Soud, baba. Hatakataa."

"Mie?" Mwalimu akamgeukia kwa mshangao wa kweli. "Nimwambie mkwe wangu apande mti? Mwanangu, huna haya?"

Akatafuna matonge mawili matatu. Halafu akajishika kifuani, taratibu.

"Hebu kaniitie Bi Mwanamize," akasema. "Naona kifua kinaanza kunitetema."