Siku Niliyotikisa Chupa ya Akinyi

Ni aibu kusema haya na umri wangu huu, lakini afadhali mnisikie mimi kuliko mmsikie Roselida, ambaye ameshasimulia kanisa zima hapa Kisian.

Mjukuu wangu Akinyi anasoma kemia chuoni. Maabara ilipofungwa kwa mgomo akaniletea chupa ya kitu cheupe kama maziwa. Akanieleza (mimi niliishia darasa la tatu, lakini alinieleza kwa heshima) kwamba mle ndani kuna punje za plastiki ndogo kuliko vumbi, zinatua chini polepole, zinajipanga, halafu dawa aliyotia inazifunga moja kwa nyingine mpaka zinakuwa kitu kikubwa. Hiyo ndiyo kazi yake ya kumaliza masomo. Akaifungia kabatini, akasema, "Dani," maana ndivyo anavyomwita bibi yake, "iache igande wiki mbili."

Majina ya watu nakumbuka yote, hata ya ng'ombe wa marehemu mume wangu, lakini hayo ya punje yalinitoka, nikabaki na neno moja tu, igande. Kitu cheupe kinachogandishwa kwenye chupa, kwangu mimi ni mala, maziwa ya mgando.

Siku ya kumi wakaja akina mama wa maombi, Roselida Auma, Peres Aoko na Mama Wanjiru anayeuza viazi Kondele, na mimi sina tone la maziwa, na mgeni ukimpa chai ya rangi atajiuliza amekukosea nini, basi nikafungua kabati. Na mala lazima itikiswe. Nikaitikisa kwa mikono miwili, tena nikiimba, nikamimina.

Peres akapiga funda moja, akaitema juu ya Biblia yake. Roselida akanusa kikombe, akaniuliza, "Mama Ouma, leo tunakunywa rangi ya nyumba?"

Wakacheka, nami nikacheka (Peres alisukutua mdomo, hakudhurika), nikadhani aibu imeishia hapo.

Akinyi alipokuja akainua chupa dirishani, akaigeuza kwenye mwanga.

"Zilikuwa zimejipanga, Dani. Zilibaki kufungana tu. Sasa zimefungana ovyo."

Nikamwambia tuzifungue basi, tupange upya.

"Hazifunguki."

Hakulia. Nililia mimi.

Wenzake wamevaa majoho, yeye anarudia mwaka. Akipiga simu ananiambia si kosa langu, na hilo ndilo linalonimaliza. Nimeapa sitagusa tena chupa nisiyoijaza mwenyewe, lakini kiapo changu kinamsaidia nini Akinyi?