Lori la Mama Mbao

Siku Mama Mbao aliponunua lori la jeshi kwenye mnada wa kambi, mdogo wake, Spana, ndiye aliyelala chini ya lori hilo kulikagua. Alitambaa kutoka bampa ya mbele hadi ekseli ya nyuma, akatoka na nyasi kichwani. Alimwambia dada yake kwamba injini ni nzima na difu zote, yaani gia za ekseli, zinavuta, ila asitoe pesa kabla ya kufikiria ringi za tairi. Rimu za magari yale ni za vipande. Tairi linashikiliwa na ringi ya chuma iliyobanwa ukingoni, na kutu ikishaila ringi hiyo, siku ukijaza upepo inaweza kufyatuka ikamtoa mtu roho. Zilitakiwa ringi mpya, na kizimba cha vyuma cha kuwekea tairi wakati wa kujaza.

"Jeshi limezunguka nazo miaka yote hazijamuua mtu," dada akamjibu. "Zije zikuue wewe una nini?"

Akainua mkono kuongeza dau.

Alikuwa na uwanja wa mbao kando ya barabara kuu, na wenye malori walikuwa wamemsumbua vya kutosha. Mara gari bovu, mara dereva anaumwa, mara bei imepanda na mzigo ukiwa tayari juu. Lori lile ndilo lilikuwa jibu lake kwao. Sheria ilimtaka abadilishe rangi, akalipaka kahawia, lakini kila lilipokwaruzwa kijani kilichungulia. Lilipanda milima ya msituni ambayo malori mengine yaliikimbia, na likirudi limesheheni magogo Mama Mbao alisimama getini mikono kiunoni, apitaye amwone.

Spana aliacha kazi gereji kwa ajili ya lori hilo. Hakuandikishiana na dada yake mkataba wowote. Dada alisema gari ni letu, naye hilo likamtosha, kwa sababu mama yao alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na ni dada huyu, binti mdogo tu wakati huo, aliyembeba mgongoni akienda kuteka maji. Mama Mbao hakuliacha deni hilo lilale. Alilitaja mbele ya wateja, mbele ya wapakiaji, mbele ya mke wa Spana. Mkewe akilalamika kwamba nyumbani hakuna kitu, wifi yake alimwuliza kama yeye aliwahi kumbeba huyo mume wake hata hatua moja.

Kwa hiyo Spana alifanya kazi. Vipuri vya lori lile havikupatikana madukani. Alichonga bushi, alikata gasketi kutoka kwenye mpira wa mkanda wa kiwanda, alitoa mabomba ya breki kwenye mikweche ya watu. Kila alipokumbushia ringi, aliambiwa mwezi ujao. Basi alipojaza tairi alilizungushia mnyororo mnene, akakaa mbali na uso wa tairi.

Asubuhi moja tairi la nyuma lilikutwa limelala. Mteja alikuwa anasubiri mzigo wake, na Mama Mbao alikuwa amekwisha kupandwa na hasira. Wapakiaji walitaka mnyororo wa kufungia magogo. Mama Mbao akauchomoa mwenyewe ule ambao Spana alikuwa ameuzungushia tairi, akawatupia.

"Dada, hiyo ndiyo kinga yangu," Spana alisema.

"Kinga yako ni uvivu. Jaza, tuondoke."

Akajaza. Ringi iliruka ikampiga usoni na kwenye mkono wa kulia. Alipokuwa ameanguka chali, kinywa kimejaa damu na haoni kitu, alimsikia dada yake akiwauliza wapakiaji kama rimu imepinda. Aliyemwinua ni dereva wa lori, mtu mzima mpole asiye na maneno mengi. Alimpakata kwenye pikipiki ya kukodi hadi hospitali, akakesha naye, shati lake likiwa limegandamana na damu ya mwenzake.

Spana alirudi nyumbani bila macho, na mkono usiokunjika. Mkewe alianza kufua nguo za watu. Mama Mbao aliajiri fundi mwingine, akaona gharama, akamfukuza. Ndipo alipokumbuka kwamba masikio ya mdogo wake bado yapo. Kila asubuhi mke wa Spana alimwongoza hadi uwanjani. Alikalishwa juu ya kreti, lori likawashwa, naye akaweka kiganja kwenye boneti akaeleza kinachouma. Mama Mbao alimwonyesha kwa wateja.

"Huyu ni fundi wangu wa redio," aliwaambia. "Kazi yake kusikiliza."

Walicheka, na yeye Spana alijifunza kucheka nao.

Siku alipouliza kuhusu lile neno la gari ni letu, dada alimwuliza kipofu ataliendesha wapi. Akaongeza kwamba ana bahati, wengine wa aina yake wanaomba barabarani. Spana alirudi nyumbani akakataa kula.

Haukupita muda mrefu akasikia, chini kabisa ya ngurumo ya injini, kishindo kizito kama ngumi inayogonga mlango kupitia blanketi. Beringi za krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini, zilikuwa zimelika. Likibebeshwa mzigo mlimani, injini ingejipasua.

"Vipi?" dada aliuliza.

"Liko sawa."

Dereva alishuka, akamsogelea. "Fundi, mimi nasikia kama kuna kitu kinagonga."

"Valvu hizo," Spana alisema. "Likipata moto litanyamaza."

Dereva alimshukuru, akapanda, na Mama Mbao akakaa kando yake.

Spana aliona moyoni lori limekufa kando ya njia, dada yake amekaa juu ya jiwe analia. Hakuona zaidi ya hapo. Tangi la upepo wa breki lilivuja, likishiba kwa sababu tu injini inalijaza; injini ikifa, breki nazo zinakufa, na breki ya mkono ilikuwa imechoka. Hayo aliyajua kuliko mtu yeyote. Asubuhi ile hayakumjia.

Injini ilipasuka katikati ya mlima. Lori likaanza kurudi nyuma na magogo yake. Mama Mbao aliruka, akachubuka magoti tu. Dereva alibaki kwenye usukani akijaribu kulielekeza ukutani mwa mlima, na kabini ikajikunja juu ya mguu wake. Hospitali waliukata juu ya goti.

Alipotoka hospitali alikuja kwa Spana kwa magongo, akaketi akapumua. Alisema ni mapenzi ya Mungu. Kisha akaomba, kwa aibu, kama Spana angeweza kumsemea kwa dada yake, apate chochote cha kuwalisha watoto, maana yeye kila akienda anafukuzwa getini.

Spana alikwenda. Mama Mbao alikuwa amekwisha kuuza lori kama vyuma chakavu, na alikuwa akipatana bei ya jingine. Alimsikiliza mdogo wake hadi mwisho.

"Mimi nimekulea," alisema polepole. "Nakujua unavyonyamaza. Ulisikia, sivyo?"

Spana alipapasa hewani akitafuta bega la mkewe.

"Basi nenda kamwambie nimekataa. Au nije mwenyewe nimweleze yote?"

Mkewe alimrudisha nyumbani. Dereva alikuwa bado kizingitini, magongo yameegemea ukuta. Spana alimwambia kwamba dada amekataa kabisa. Dereva alimtafuta mkono ule mzima, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Angalau wewe umenijaribia, ndugu yangu," alisema.