Visima vya Jumanne

Awiti alipiga hodi kwa Hajrabai, mjane wa Kibohora wa Mji wa Kale, goti likimuuma tangu Marikiti alikoshukia matatu. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Thelathini kati ya hiyo ameinamia maji yaliyotuama, akichunguza viluwiluwi wa mbu: wanakula nini, wanapumuaje, wanavumilia chumvi kiasi gani.

Kwa mwaka mmoja na nusu, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, alizunguka nyumba arubaini zenye visima vya uani. Hakuingia kiholela. Siku mbili kabla alituma salamu, wenyewe wasije wakakutwa ghafla. Na kila Jumanne visima vilikuwa safi. Maji yalikuwa na chumvi kidogo, basi ripoti yake ikaeleza kwamba chumvi ndiyo inayoua viluwiluwi. Lakini kwenye beseni zake za kazini viluwiluwi waliishi wiki nzima katika chumvi ile ile. Jambo hilo lilimsumbua, ila alichoka kusumbuka, akasema labda kisimani kuna sababu nyingine. Huo ulikuwa uvivu, na yeye mwenyewe aliujua.

Ripoti ikishakubaliwa, visima vya uani vingeondolewa kwenye mpango wa kutiwa dawa ya mbu. Ilibaki ziara hii moja.

Alishusha kata iliyofungwa kamba. Ilipopanda, maji yalikuwa yakichezacheza. Viluwiluwi wasiopungua ishirini walining'inia vichwa chini, kila mmoja akivuta hewa kwa mrija wake wa mkiani.

Hajrabai alijifunika uso kwa ncha ya rida, vazi lake la Kibohora. "Nisamehe, mwanangu. Leo umekuta kisima hakijaoga."

"Hakijaoga vipi, mama?"

"Sanober kaenda maduka matatu, mafuta ya taa hakuna. Siku zote tunamimina Jumatatu, halafu tunayaengua kwa kitambaa."

Mkwewe Sanober, aliyekuwa akianika nguo, alicheka. "Na hicho kitambaa nafua mimi. Mkono unanuka mpaka Ijumaa."

Awiti hakucheka. Basi ni mafuta yaliyowaziba viluwiluwi pumzi, si chumvi. Pua yake iliharibiwa zamani na dawa za maabara; harufu hiyo isingemfikia. "Ni hapa tu?"

"Mtaa mzima," alisema Hajrabai, kama anayeulizwa kitu cha kitoto. "Mtu katuma salamu kwamba anakuja kutazama kisima. Nani atamwonyesha wadudu?"

Awiti aliketi kwenye ukingo wa kisima. Hakuna aliyemdanganya. Walimheshimu, na heshima hiyo ilikuwa imefuta kazi ya mwaka mmoja na nusu.

Mchana alikwenda ofisini Shimanzi, malori yakitikisa madirisha, akamweleza mkuu wake, Maxwell.

"Mama Tony," alisema Maxwell, akimwita kwa jina la mwanawe kama kawaida, "umebakisha miaka miwili ustaafu. Weka maelezo madogo mwishoni, tuipeleke."

"Maelezo madogo yatasema nini? Kwamba yote ya juu yake ni uongo?"

"Huo si uongo. Ulipima ulichokiona."

"Jana sikujua. Leo najua. Wakiacha kutia dawa na watu wakaugua, nitamwambia nani kwamba nilipima nilichokiona?"

Maxwell alitazama saa yake. "Utarudia nyumba arubaini na goti hilo?"

"Nitarudia."

Aliichukua ripoti mezani kwa Maxwell. Hakujisikia shujaa, alitamani kulala tu. Lakini mtu anayejua kosa lake akalitia sahihi ameshaacha kukosea; sasa anadanganya kusudi.

Kesho yake alirudi kwa Hajrabai, bila kutuma salamu. Alieleza kwamba sasa atakuja siku yoyote, na kisima kisiguswe.

"Yaani niaibike makusudi?" Hajrabai aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na majirani wote waaibike?"

"Ukikubali wewe, watakubali."

Kikongwe alitandika mkeka. "Basi sharti moja. Kwanza utakunywa chai. Huwezi kuniingilia ghafla, ukatazama uchafu wangu, tena ukaondoka na kinywa kikavu."

Chai arubaini, Awiti aliwaza, na ngazi za nyumba arubaini. Alivua viatu akaketi.