Mama Rudisha na Mifuko ya Mwenye Nyumba Wake

Saa kumi na mbili asubuhi, lori la taka linasimama mbele ya geti la kijani na injini haizimwi. Mwanamke mfupi aliyevaa buti zinazomzidi miguu anaruka chini, anausogelea mfuko mweusi ulioegemezwa ukutani, lakini haunyanyui. Anaugonga kwanza kwa mpini wa ufagio.

Ndani yake vioo vinalia.

"Haya, kumekucha," anasema. Anaukamata mfuko shingoni kwa ncha za vidole, anauburuta kuzunguka kona ya nyumba hiyohiyo hadi upande wa pili wenye baa, na kuuacha mlangoni. Dereva anampigia honi ya pongezi.

Mtaa mzima unamwita Mama Rudisha. Jina alilopewa na wazazi wake hataki liandikwe gazetini. Si kwa woga, anasema; hili la mtaani amelitolea jasho, acha litumike.

Ameajiriwa kuzoa, si kurudisha. Lakini kanuni za manispaa zimebandikwa kwenye mlango wa lori, na hazina kona. Taka za nyumbani hutolewa getini Jumatatu na Alhamisi. Za biashara zina ushuru wake, na vioo lazima viwekwe kwenye pipa gumu lenye mfuniko. Zikichanganywa, zisichukuliwe.

Mwenye baa hataki kulipia pipa. Chupa zake zilizovunjika hupitia mlango wa nyuma hadi uani kwake, kisha hutokea getini zikiwa zimegeuka taka za familia.

"Familia gani hiyo inavunja chupa zote hizo?" anauliza Mama Rudisha. "Si wangekuwa hawasimami hata kwa kushikiliwa!"

Anacheka, halafu kicheko kinakatika. Mfuko wa geti hilihili ndio uliomjeruhi wifi yake.

Wifi, dada wa mumewe, ndiye aliyemwombea kazi hii na kumfundisha kupanda lori likiwa linatembea. Siku ile aliukumbatia mfuko kama ilivyokuwa kawaida yake, akaunyanyua. Kioo kilipenya glavu kikakata mishipa ya vidole viwili. Wao ni vibarua. Usipofika kazini, hulipwi. Tangu hapo hajapanda lori tena.

Mchana tunawakuta uani wakifua. Ukifika wakati wa kukamua shuka, wifi anashika ncha moja kwa mkono mzima, na Mama Rudisha anasokota ncha ya pili mpaka maji yaishe.

"Huu siwezi kuufumba," wifi anasema, akiuinua mkono wa kulia. "Mwanangu akitaka kusukwa namwambia nenda kwa mke wa mjomba wako. Wengine wananiambia nisamehe. Nitasamehe, lakini mwenyewe aje anikamulie shuka."

Baada ya ajali, Mama Rudisha alikwenda kumshtaki mwenye baa kwa msimamizi wao. Akaambiwa azoe tu, asilete maneno, yule ni mtu mkubwa.

"Nikamwambia, bosi, zile kanuni mlangoni umezibandika wewe. Kama ni pambo la lori, zibandue."

Hakuzibandua. Badala yake alimpa njia ya amani: ahamie kuzoa mtaa mwingine. Mama Rudisha alikataa, na hapo ndipo alipojitia matatani hasa. Kwa sababu uani hapa tulipokaa, penye ndoo na kamba ya nguo, ni kwa mwenye baa huyohuyo. Mama Rudisha, mumewe, watoto na wifi wamepanga vyumba viwili nyuma ya geti la kijani.

Kabla hatujamaliza mazungumzo, mwenye nyumba anatokea, taulo begani.

"Wewe mama, umesahau unalala kwa nani?"

"Shikamoo, mzee. Nalala kwa kodi yangu. Haijawahi kuchelewa."

Shikamoo haiitikiwi. "Ule mfuko uutoe mlangoni kwangu kabla wateja hawajaja. La sivyo, mwisho wa mwezi nataka vyumba vyangu."

"Vyumba utavipata, mzee. Mfuko siugusi."

Tunapomuuliza kuhusu chupa, anadai ni za wageni wa nyumbani kwake, kisha anatufungia mlango. Wageni hao lazima wawe na kiu ya ajabu.

Mama Rudisha anarudi kwenye beseni.

"Naogopa, sikudanganyi. Watoto wamezoea shule ya hapa. Na vyumba siku hizi vinapatikana kwa kubembeleza."

Mumewe ameshaanza kuulizia vyumba mitaa ya jirani. Mama Rudisha mwenyewe anataka vitu viwili tu: pipa gumu mbele ya baa ile, na wifi yake atibiwe mkono kwa gharama ya aliyeuharibu. Kwa hayo, anasema, hatarudi nyuma hata hatua moja.

Tunamuuliza itakuwaje akishafukuzwa. Anatushangaa, kana kwamba ndio kwanza tunafika mjini.

"Kwani lori linazoa kwa wapangaji tu? Njia yangu ni hii, nimegoma kuhamishwa. Akinitoa, Jumatatu nitakuja na buti zangu, na Alhamisi nitakuja tena." Anaishika ncha yake ya shuka, anamkonyeza wifi, na kuanza kusokota. "Na siku hiyo hatakuwa hata na chumba cha kunitishia."